Magurudumu chini ya kabati la kuunganisha: likiyumba, likibonyea, likigoma kusogea

Makabati yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, ukayaunganisha mwenyewe, yametengenezwa yasimame mahali pamoja. Ukiyafungia magurudumu ili ufagie nyuma yake au uyahamishe bila kuita watu, yatakubali, lakini kwa masharti. Masharti hayo yasipotimizwa, malalamiko huwa yaleyale: skrubu zimechomoka, kitako kimebonyea, mlango ambao jana ulikuwa unafunga vizuri leo unagonga mwenzake.

Kabla ya kushika bisibisi, elewa uzito unapita wapi. Kwenye kabati la aina hii mzigo wa rafu hubebwa na mbavu mbili, yaani mbao za pembeni, na mbavu hizo husimama moja kwa moja sakafuni. Kitako, yaani ule ubao wa chini, mara nyingi kimebanwa tu katikati ya mbavu kwa vijiti vya mbao na vile vifungio vya chuma vya mviringo vinavyokazwa kwa nusu mzunguko wa bisibisi. Kazi yake ni kushika masufuria au viatu vilivyowekwa juu yake. Ukifunga magurudumu manne kwenye kitako, umeupindua mpangilio mzima. Sasa ni mbavu zinazoning'inia kwenye kitako, na kilo zote za kabati zinapita kwenye vijiti vichache vyembamba kama kidole. Matatizo mengi hapa chini yanaanzia hapo. Gurudumu lenyewe mara chache ndilo lenye kosa, ingawa ndilo watu wanalokimbilia kubadilisha.

Kwa ukaguzi wowote unaohitaji kuona chini: toa vitu vyote, chomoa droo na rafu zisizofungwa, bana milango kwa utepe, kisha laza kabati chali juu ya blanketi. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Mgongo wa kabati ni hadibodi ya milimita 3 hivi, kwa hiyo usiupigie goti.

Gurudumu limelegea au limechomoka na bamba lake

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na lina visababishi kadhaa. Anza na rahisi: fungua skrubu moja polepole kwa mkono, si kwa drili, uitazame. Ikitoka kwa kung'ang'ania na meno yake ni safi, ubao bado una nguvu. Huenda skrubu zililegea tu kwa mtikisiko, kaza upya na uangalie baada ya wiki. Ikitoka bila upinzani wowote huku meno yamejaa unga wa kahawia, tundu limekwisha. Unga huo ndiyo chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) iliyokuwa inashika.

Kisababishi cha kwanza ni kukaza kupita kiasi. Chipbodi ni ngumu kwenye nyuso zake mbili lakini laini katikati, na skrubu ikizungushwa mizunguko miwili zaidi baada ya kukaa, meno yanasaga kile yalichokuwa yameshika. Drili ya betri yenye kasi hufanya hivyo kabla hujasikia chochote. Kisababishi cha pili ni skrubu kutokuwa na urefu wa kutosha: ubao wa milimita 16 ukipokea skrubu ya milimita 12 kupitia bamba la gurudumu lenye unene wa milimita 2 na nusu, kilichoingia ndani hakifiki hata sentimita moja. Cha tatu ni skrubu kupigwa karibu mno na ukingo, au mbaya zaidi, kupigwa kwenye ule unene wa ubavu kutokea chini. Hapo ubao hupasuka kwa tabaka, na ufa unaweza usiuone mpaka gurudumu ligonge kizingiti. Cha nne, na hiki hakina tiba, ni maji: maji ya kudeki yamepanda kwenye matundu na chipbodi imevimba.

Matengenezo yanakwenda kwa ngazi. Ikiwa ni skrubu moja au mbili, panua tundu mpaka milimita 8 bila kutoboa upande wa pili (zungushia ncha ya drili utepe kuonyesha kina), pakaa gundi ya mbao, gongea kijiti cha mbao cha kipenyo hicho, acha siku nzima, kisha toboa tundu jembamba la milimita 3 na urudishe skrubu kwa mkono. Wapo wanaojaza njiti za kiberiti. Zinashika, ila kwa gurudumu litakalokuwa linavutwa na kusukumwa ni suluhisho la kuvukia wikendi tu.

Ikiwa matundu yote ya bamba moja yamekwisha, acha habari ya skrubu. Tumia bolti za milimita 6 zinazopita kitako chote, kichwa bapa kikiwa ndani ya kabati, washa pana (kile kiduara bapa cha chuma chenye tundu) chini ya kichwa, na nati yenye nailoni upande wa gurudumu ili isilegee kwa mtikisiko. Washa pana ndiyo siri ya kazi hii. Bila hiyo kichwa cha bolti kitazama kwenye chipbodi taratibu. Unapotoboa, weka kipande cha mbao chakavu nyuma ya ubao ili melamini, ule utando mgumu wa juu ya chipbodi, isibanduke ukingoni mwa tundu.

Ngazi ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na kwa kabati lolote linalobeba vitu vizito kuliko nguo ningeianza hiyo moja kwa moja: kata plaiwudi ya milimita 18 yenye ukubwa wa kabati lote chini, ikifunika na unene wa mbavu, kisha funga magurudumu kwenye plaiwudi. Mbavu sasa zinasimama juu ya plaiwudi kama zilivyokuwa zikisimama sakafuni, na uzito umerudi njia yake. Kama kitako kimeinuka juu ya ncha za mbavu kwa sentimita kadhaa, jaza nafasi hiyo kwa vipande vya mbao ngumu ndipo uweke plaiwudi. Usitegemee gundi ya mbao kati ya plaiwudi na uso wa melamini, haishiki hapo. Tumia skrubu zinazoingia kwenye vile vipande vya mbao, au bolti.

Simama hapa: ukibonyeza chipbodi kwa ukucha karibu na matundu ikaingia, au ukiona imevimba kama mkate uliolowa, ubao huo haubebi gurudumu la aina yoyote. Badilisha kitako kizima au mpe fundi seremala akutengenezee fremu mpya.

Kitako kimebonyea katikati, au kimeachana na ubavu

Angalia kwanza vile vifungio vya mviringo. Mtikisiko wa kusukuma huvirudisha nyuma robo mzunguko, na kukaza tu kunatosha mara nyingi. Kikizunguka bila kukaza, kimekula ubao, na hapo dawa ni pembe ya chuma ndani ya kona, upande mmoja ukishika kitako na mwingine ubavu.

Kama viungo vimekaza lakini ubao umejipinda, pima upana. Kabati linalozidi sentimita 90 hivi, au lenye kigawanyo cha katikati, linahitaji magurudumu sita, jozi ya tatu ikikaa chini ya kigawanyo hicho. Gurudumu moja la tano katikati halifai: sakafu ikiwa na kilima kidogo tu, kabati lote litasimama juu ya hilo moja na kucheza pande zote. Ubao uliokwisha kujipinda haunyooki vizuri kwa kusukumwa juu. Ugeuze uso wa chini uwe juu kama matundu yanaruhusu, kisha fungia chini yake mbao mbili zilizosimamishwa kwa ukingo, moja mbele na moja nyuma.

Kabati linacheza, gurudumu moja halishiki sakafu

Pitisha karatasi chini ya kila gurudumu. Linaloruhusu karatasi kupita ndilo linaloelea. Sasa sogeza kabati mita moja au uligeuze, ujaribu tena. Gurudumu linaloelea likibadilika, tatizo ni sakafu, na hakuna cha kurekebisha kwenye kabati isipokuwa kuchagua mahali au kutumia magurudumu ya mpira laini yanayomeza tofauti ndogo. Likibaki lilelile, geukia kabati: bamba moja limekaa juu ya kichwa cha skrubu iliyosahaulika, au gurudumu moja lina urefu tofauti na wenzake kwa kuwa lilinunuliwa peke yake baadaye. Washa nyembamba chini ya bamba humaliza kazi. Ikiwa urefu ni sawa na bado linaelea, kabati lenyewe limepinda, na hilo litajitokeza kwenye milango.

Habari hii ya kuelea ndiyo sababu hesabu ya uzito haigawanywi kwa manne. Wakati wowote magurudumu matatu yanaweza kuwa yamebeba kila kitu. Chukua uzito wa kabati, ongeza wa vilivyomo, gawanya kwa tatu. Jibu ndilo kila gurudumu liwe na uwezo wa kubeba. Kabati la kilo 35 lenye vitu vya kilo 85 ni kilo 120, hivyo tafuta magurudumu ya kilo 40 kila moja au zaidi. Huna mizani? Mita moja ya mraba ya chipbodi ya milimita 18 ina kilo 12 hivi, na mita moja ya vitabu vilivyopangwa hufika kilo 20 hadi 35. Watu huwa wanapima kabati na kusahau vitabu.

Kabati linainama, au linataka kuanguka

Hapa usijaribu kwanza ndipo uulize. Kabati refu linalofunguliwa droo mbili zilizojaa huhamisha uzito wake mbele, na magurudumu yameshaongeza urefu wake na kupunguza upana wa kusimamia. Gurudumu linalogeuka halisimami chini ya katikati ya bamba lake. Linaburuta nyuma kwa sentimita 2 hadi 4. Ukilisukuma kabati kuelekea ukutani, magurudumu ya mbele hubaki yameelekea mbele au nyuma kutegemea ulivyolisukuma mwisho, na yakiwa yametazama ndani, kabati linasimama kwenye eneo dogo kuliko unavyodhani ukitazama mabamba.

Kisababishi cha kawaida ni magurudumu kufungwa ndani mno, ili yasionekane. Yasogeze nje karibu na kona kadiri inavyowezekana, ukiacha tu nafasi ya gurudumu kugeuka bila kukwaruza ukuta. Kinachofuata ni mpangilio wa vitu: vizito viwe chini, na droo za juu zibaki nyepesi. Mwisho ni umbo lenyewe. Kipimo ninachotumia ni kwamba urefu ukizidi kina mara tatu, magurudumu yasahaulike. Kabati lenye kina cha sentimita 40 lisivuke 120 pamoja na magurudumu yake.

Kabati lililokuja na kamba au kipande cha chuma cha kulifunga ukutani halistahili magurudumu hata kidogo. Mtengenezaji alishajua kwamba linaanguka likiachwa huru. Penye mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika droo hakuna cha kujadili: ondoa magurudumu, lifunge ukutani. Na kabati lenye vioo vikubwa, tangi la samaki au televisheni juu yake lipite kwanza machoni pa fundi.

Milango haifungi, droo zinafunguka zenyewe

Mkono huenda moja kwa moja kwenye bawaba. Uzuie. Sukuma kabati mpaka mahali palipo sawa kwa pimamaji, kisha fungua na ufunge. Mlango ukikaa sawa pale na kuharibika pengine, bawaba hazina kosa. Fremu ndiyo inayojipinda kufuata sakafu kwa sababu magurudumu hayana uwezo wa kurekebishwa kimo kama miguu ya skrubu.

Pima kwa futi kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kona nyingine mbili. Vipimo vinatakiwa viwe sawa. Tofauti ikizidi milimita 3, kabati limekwenda upande. Mara nyingi utakuta misumari midogo ya hadibodi imelegea au ilipigwa michache tangu mwanzo. Hadibodi hiyo, pamoja na wembamba wake, ndiyo inayozuia kabati lisilale upande. Ing'oe upande mmoja, sukuma fremu mpaka vipimo vilingane, kisha pigilia upya kila sentimita 10. Kwa kabati litakalokuwa linatembea kila siku, ondoa hadibodi kabisa na uweke plaiwudi ya milimita 6 iliyofungwa kwa skrubu. Ukishamaliza hapo ndipo bawaba ziguswe: zile za kikombe zina skrubu moja inayosogeza mlango kushoto na kulia na nyingine inayouingiza na kuutoa.

Droo kufunguka wakati wa kusukuma ni jambo la kawaida, kwani reli zake ni laini makusudi. Kishikizo cha sumaku kwa kila droo kinatosha. Zikifunguka kabati likiwa limesimama, limeinama mbele; rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Ni zito kusukuma, au linavuta upande

Geuza magurudumu utazame ekseli. Nywele, uzi na nyuzi za zulia hujizungusha hapo mpaka gurudumu linakuwa linaburuzwa badala ya kuzunguka. Kata kwa wembe, vuta kwa koleo, weka tone la mafuta. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na inafuatiwa na udogo wa gurudumu: la milimita 40 hukwama kwenye kiungo cha vigae na kwenye ukingo wa zulia, la milimita 75 hupita. Kumbuka tu kwamba kimo cha jumla ni zaidi ya kipenyo. Gurudumu la milimita 50 huinua kabati kwa milimita 65 hadi 75, na kabati lililokuwa linaingia chini ya kaunta linaweza lisiingie tena.

Likivuta upande, huenda hakuna kilichoharibika. Magurudumu manne yanayogeuka yote hayana mwelekeo, na kila unapobadili kutoka kusukuma hadi kuvuta yanageuka nyuma kwanza, kabati likaruka kando kidogo. Kwa kabati linalokwenda na kurudi njia moja, weka mawili yasiyogeuka upande mmoja na mawili yanayogeuka upande wa kusukumia. Ila yale yasiyogeuka yafungwe sambamba kabisa. Chora mstari mmoja kwa penseli kukatisha kitako chote na uyapange juu yake. Yakipishana kidogo tu, kabati litavuta upande mpaka mwisho.

Usisukume kwa juu. Shika chini ya nusu ya kimo, na penye kizingiti livute likiwa tupu.

Breki imekanyagwa, kabati bado linatembea

Kwanza hakikisha imeshuka mpaka mwisho; kibao cha miguuni, kile kinachoziba nafasi ya chini ya kabati, huzuia pedali bila mtu kujua. Kisha futa gurudumu, kwani vumbi na nta ya sakafu huifanya breki iteleze. Baada ya hapo uliza ni breki ya aina gani. Ipo inayozuia gurudumu kuzunguka tu, huku shingo yake ikigeuka kama kawaida, na kabati linaendelea kucheza kushoto na kulia. Ipo inayofunga vyote viwili. Kwa meza ya kazi au kabati la kukatia vitu, nunua hiyo ya pili, mbili kwa uchache, na uzifunge upande ambao mguu wako unafika. Breki zikiwa nyuma ukutani ni pambo.

Kwenye vigae laini breki inaweza kushika na gurudumu likateleza zimazima. Hapo miguu ya skrubu inayoteremshwa na kuinua kabati juu ya magurudumu ndiyo jibu. Sakafu yenye mteremko, usiiachie breki.

Kuna makabati ambayo ukaguzi wote huu hauyahusu, kwa kuwa hayatakiwi kusogezwa: lenye sinki, lenye jiko la gesi lililounganishwa kwa mpira, lenye soketi au waya zilizofungwa ndani. Mpira wa gesi unaovutwa kila wiki hulegea kwenye kiungo chake. Hayo ni ya fundi bomba, fundi gesi na fundi umeme, na karibu kila mara jibu lao litakuwa hapana.

Kelele na alama sakafuni

Kanuni ni kinyume: sakafu ngumu, gurudumu laini; zulia, gurudumu gumu. Nailoni kwenye vigae hupiga kelele, na kwenye mbao huacha mifereji, hasa chembe ya mchanga ikinasa kwenye uso wake. Poliurethani hufaa sehemu nyingi. Mpira laini ni mtulivu, lakini ukisimama miezi chini ya mzigo hupata ubapa upande mmoja na gurudumu hugonga likianza kuzunguka. Baadhi hurudia umbo baada ya kutembezwa kwa muda, mengine hapana. Mpira mweusi juu ya sakafu ya vinaili (plastiki) huacha doa la manjano au kahawia ambalo halitoki kwa sabuni wala kwa kusugua, kwa kuwa limeingia ndani ya vinaili yenyewe. Unaloweza kufanya ni kuweka magurudumu ya poliurethani au ya kijivu yaliyoandikwa kwamba hayaachi alama, kabla doa halijatokea kwenye sehemu nyingine tatu.